Mwenye Kicheko cha Landry

Kabondo, Kisangani, 9 Machi 2025

Kwako Koko Augustin, babu yangu na bwana yangu wa utani, mwenye bega moja lililoshuka,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe pamoja na tantine Hélène, shangazi yetu anayekupikia na kukugombeza. Sisi huku tuko. Nicole, yule rafiki ninayekaa naye ua mmoja, parcelle moja, amelima tena shamba lake la Masako na ameniahidi mahindi, lakini ahadi zake unazijua. Mvua imeharibu njia ya mbele ya nyumba hadi wenye baisikeli wanashuka na kusukuma. Watu wanaokimbia vita vya Kivu wanazidi kufika. Wamelala katika shule ninakofundisha, na asubuhi tunakunja mikeka yao ndipo tuanze masomo. Ndugu yangu Landry yuko kule kule Goma. Unajua mtandao wa kule ulivyo tangu Januari.

Sasa neno lenyewe. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mpiga domo: nimekuiga, tena mbele ya dunia nzima.

Kuna kampuni ya maji inaitwa Lokumu. Ilileta shuleni kwetu maji ya sachet, vile vifuko vya plastiki, ya kuwapa wakimbizi, ikaja na kamera. Mama mmoja aliyefika juzi, miguu imevimba, aliambiwa anywe, acheke, ainuke acheze. Wakatia wimbo juu yake na maneno: "Lokumu, kunywa kwa heshima." Wiki hiyo hiyo watoto wa darasani kwangu wakaanza kuharisha. Nilifungua sachet nikakuta vitu vinaogelea. Nilikwenda ofisini kwao, nikaambiwa subiri. Nimesubiri hadi nimechoka.

Basi nikavaa koti lako la zamani, lile uliloniachia, nikashusha bega kama wewe, nikaficha meno, nikanywa sachet yao mbele ya telefone na wimbo wao ukilia nyuma. Kisha nikasema kwa sauti yako: "Bon, heshima imefika tumboni. Sasa inatafuta mulango." Nikaondoka mbio kuelekea chooni kwa mwendo wako wa kujivuta.

Koko, mji ulicheka. Wamama wa sokoni wakaacha kuweka Lokumu mezani. Picha hiyo ya video niliiweka kwenye ukurasa wetu mimi na Landry, ule tuliouita Koko wa Lomami, ambako haijaandikwa popote kwamba mwenyewe ni mimi. Kampuni haikusema kwamba nimedanganya, maana wangeulizwa waonyeshe maji yao. Waliandikia wenye mtandao kwamba nimeiba wimbo wao, kwamba ni suala la hakimiliki. Wenye mtandao hawakuuliza mtu. Wakaifuta. Wanasema mashitaka yakifika matatu, ukurasa mzima unafutwa, na pamoja nao kila kitu Landry alichokiweka humo.

Nina kinyaa, Koko. Afadhali wangenitukana.

Emile wa baisikeli ndiye anabeba barua hii pamoja na sabuni na chumvi. Mpe maji ya kisima chako.

Bibi yako mkorofi,
Pélagie


Opala, 2 Aprili 2025

Bibi yangu Pélagie,

Kristu akulinde. Barua imechelewa kwa sababu Emile alivunjikiwa gurudumu njiani akakaa kwa mashemeji zake, na huko, kwa jinsi ninavyomfahamu, hakuharakisha. Tantine Hélène anakusalimu. Anakohoa, lakini akianza kunigombeza kikohozi kinakatika. Mpunga umekubali mwaka huu. Mto Lomami umejaa hadi mlangoni pa wavuvi.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Hata hivyo nina malalamiko. Bega ninaloshusha ni la kushoto. Emile aliiona hiyo picha kabla haijafutwa, anasema wewe ulishusha la kulia. Kama unaniiga, niige sawasawa.

Uliniandikia kana kwamba unaomba msamaha. Msamaha wa nini? Sisi tuliotoka Maniema, mjukuu asiyemwiga koko wake ni mjukuu wa kuokota. Nilipomzika koko yangu, mimi ndiye niliyevaa kofia yake nikakaa juu ya sanduku, nikakohoa kikohozi chake, nikamtukana padri kama alivyomtukana. Watu walilia na kucheka pamoja. Hakuna aliyekuja kuniambia kikohozi kile kina mwenyewe.

Na aliyeigwa naye ana wajibu. Akiwa hai, lazima asimame mbele za watu aseme: huyu anayenicheka ni wangu. Asiposema, mchezo unageuka tusi. Wewe unajua hayo.

Watu wa Lokumu wananitia kichefuchefu. Mtu mzima akichekwa ana njia mbili, acheke naye au ajirekebishe. Hawa wametafuta ya tatu, wamekwenda kushitaki kwa mwalimu. Hapa bandarini wana wakala wao, kijana Timothée, anauza maji hayo kwa watu waliokaa juu ya mto! Ni kijana wa adabu lakini, ananiletea kiti nikipita.

Neno la mwisho. Juu ya Landry umeandika mstari mmoja, na mstari huo una baridi. Krismasi alisema atanitumia betri za redio. Betri sizitaki. Nataka mkono wake kwenye karatasi, hata kama ni salamu tu.

Bwana yako mzee,
Augustin


Masako, 27 Aprili 2025

Koko,

Nakusalimu, na tantine pia, kikohozi chake kipoe. Utaona barua inatoka Masako. Niko shambani kwa Nicole tangu wiki iliyopita. Nang'oa magugu ambayo hayakunikosea kitu.

Mashitaka ya pili yalifika kabla ya Pasaka. Safari hii nilijihadhari. Katika picha mpya niliyoiweka, wimbo wao sikuutia hata kidogo, niliimba wangu mwenyewe kwa kupiga sufuria. Wakasema tena ni mali yao. Mali gani? Sufuria? Wenye mtandao wakafuta bila kusikiliza, maana anayeshitaki anaaminiwa, na anayeshitakiwa ndiye anayetafuta ushahidi.

Wanasema nina haki ya kupinga. Koko, sikia haki hiyo ilivyo. Ili kupinga ni lazima niandike jina langu kamili na mahali ninapokaa, nikubali kupelekwa mahakamani, na karatasi hiyo wanaipeleka kwa yule yule aliyenishitaki. Katika mji ambao sasa mtu akikunyooshea kidole na kusema unasaidia adui, hakuna anayengoja kusikia mengine. Nikaacha. Nikasema afadhali ninyamaze, ukurasa ubaki, Landry abaki humo.

Lakini walikuja hata hivyo. Wanaume wawili wa kampuni pamoja na mwanajeshi mmoja. Nicole alikuwa mlangoni. Walimuuliza: "Bibi ya Koko Augustin wa Opala iko hapa?"

Nilisikia nikiwa ndani. Kule Kisangani hakuna mtu anayeniita bibi ya Koko Augustin. Shuleni mimi ni madamu Pélagie. Neno hilo linatoka katika kinywa kimoja tu, nacho kina meno machache.

Yule mwanajeshi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aliniambia, "Madamu, kuchafua jina ya kampuni wakati ya vita, ni kusaidia adui. Donc, utulie." Wakachukua telefone yangu. Mmoja wa kampuni alitazama koti lako limening'inia ukutani akacheka kidogo, kama mtu aliyemkuta mtu uchi.

Kila nilichonacho cha Landry kilikuwa kwenye ukurasa ule. Alikiweka yeye mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye telefone yake, na mimi sikukinakili mahali pengine, nikidhani hakuna sanduku lililo salama kuliko hilo. Huku Masako mtandao unakuja na kwenda. Telefone ya Nicole inanionyesha picha, kisha inakwama katikati. Nikirudi mjini kitu cha kwanza ni kuzinakili.

Ulimwambia nani, Koko?

Pélagie


Opala, 20 Mei 2025

Pélagie,

Salamu. Hélène ni mzima. Mpunga tumevuna.

Nilimwambia Timothée.

Nilipopita bandarini alinipa kiti, akanionyesha ile picha kwenye telefone yake. Alikuwa ameitunza. Tulicheka naye. Watu walikuwa wengi, wanashusha mizigo, wakaanza kunitazama mimi na kuitazama picha, wakisema huyu mzee ametukanwa na mtu wa Kisangani. Basi nikasimama kama inavyotakiwa. Nikasema huyu anayeniiga ni mjukuu wangu, ni bibi yangu Pélagie, mwalimu wa Kabondo, nami nimefurahi. Watu wakapiga makofi. Timothée alipiga kuliko wote. Kisha akaniomba nirudie jina.

Sikufikiri kwamba kuna watu wa kusikia jambo hilo na kulifanyia kazi. Kwetu mtu akishasema "ni wangu," maneno yanakwisha hapo. Kwao ndipo yanapoanza.

Jana nilikwenda kwake. Sikukaa kwenye kiti chake. Nilimuuliza kama alipeleka jina. Akasema, "Papa, mie niliripoti tu. Njo kazi yangu." Nikatema mate chini mbele ya miguu yake. Mimi na miaka yangu hii, nimetema mate bandarini kama mlevi, na sijajuta.

Sasa fanya hivi. Ile karatasi ya kupinga, iandike. Weka jina langu. Augustin, Opala, nyuma ya kanisa. Anayeigwa katika picha ni mimi, mwendo ni wangu, koti ni langu, choo kile pia tuseme ni changu. Kama kuna mtu aliyeibiwa hapa, ni mimi, na mimi sijashitaki. Wanaotaka kunipeleka mahakamani waje, wapande baisikeli ya Emile juu ya magunia ya chumvi, nitawapokea.

Ila usinijibu juu ya kampuni kabla hujanijibu juu ya Landry. Nimeuliza mara moja kwa upole. Barua yako ya pili inasema "Landry abaki humo." Mtu aliye hai habaki kwenye telefone. Mimi ni mzee, lakini kusoma ninajua.

Augustin


Kisangani, 15 Juni 2025

Koko wangu,

Nakaa chini kukuandikia. Ninaomba nawe ukae kabla ya kuendelea, na tantine Hélène awe mbali kidogo.

Landry amekufa. Ilikuwa siku zile za mwisho wa Januari Goma ilipoanguka. Alikuwa ametoka kutafuta maji. Abdulhamid, jirani yake waliyekuwa wakitengeneza jenereta pamoja, ndiye aliyemwona, na ndiye aliyekwenda pamoja na wengine kuzika. Hakujua kaburi lipi ni la nani, maana walizika wengi na kwa haraka. Aliniandikia mwezi wa pili mtandao uliporudi kidogo. Tangu hapo nimekuwa na habari hiyo peke yangu. Nicole anajua, hakuna mwingine.

Sikukuficha kwa sababu nilidhani hutaiweza. Nilikuficha kwa sababu wewe ulikuwa bado unamngoja, na mimi nilikuwa nauhitaji ule ungojaji wako. Kila ulipouliza betri za redio, alikuwa yuko mahali fulani, mzembe, amesahau kuandika. Nisamehe.

Usiku na mchana nilikuwa naitazama picha yake ya Krismasi. Wewe hukuiona, kwa hiyo nitakuambia. Amekaa juu ya jenereta iliyofunguliwa, mikono ina mafuta. Anasema, "Koko, angalia huku, mujukuu wako amekuwa patron, bosi mukubwa." Kisha anajaribu kukuiga, anashusha bega, la kushoto, yeye alijua, na kabla hajasema neno lako hata moja anashindwa, anaanza kucheka. Kile kicheko chake unakijua, anachokizuia kwanza kama mtu aliyepaliwa, halafu anavuta pumzi kwa ndani, halafu kinamtoka chote na anajipiga paja. Basi, hakuna zaidi. Hakuna wimbo, hakuna maji, hakuna Lokumu.

Niliandika karatasi ya kupinga kwa jina lako kama ulivyosema. Niliipeleka siku niliyorudi mjini. Siku hiyo hiyo nikataka kuinakili picha ya Landry, nikakuta haipo. Mashitaka ya tatu yalikuwa yamefika. Wameshitaki picha hiyo, Koko. Wameandika na kuapa kwamba kicheko cha Landry ni mali ya kampuni ya maji Lokumu, na mimi nimekiiba.

Sidhani hata waliitazama. Nafikiri walichagua tu yoyote ili watimize tatu. Hilo ndilo linalonitapisha. Kama wangemchukia Landry ningeelewa, lakini hawakumjua hata kidogo, walimkanyaga wakipita kuniendea mimi.

Ukurasa umefutwa wote. Jana wenye mtandao wamejibu karatasi yako. Wamekushukuru, bwana Augustin, wakasema pingamizi lako limepokelewa vizuri, ila kwa kuwa ukurasa haupo tena hakuna cha kurudisha.

Sina sauti yake tena popote. Nimeanza kuisahau sehemu ile ya katikati, pale anapovuta pumzi. Najaribu kuifanya mwenyewe na inatoka sauti yangu.

Niambie lini matanga. Nitakuja.

Pélagie


Opala, 9 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Mungu akushike mkono. Sisi tupo. Nimesamehe kabla hujamaliza kuomba, kwa hiyo tusirudi hapo.

Hatukuweza kukungoja kwa matanga. Habari ilitoka nyumbani humu ikaenda bandarini, na kabla sijajua watu walikuwa wamekaa uani. Utakapokuja tutafanya tena kwa ajili yako, hakuna sheria inayokataza kulia mara mbili. Wamama wa kanisa waliimba. Emile alileta sambaza kavu, wale dagaa wa Kivu, na hakutaka kusikia habari ya asante.

Timothée naye alikuja. Alileta katoni za Lokumu, zawadi ya kampuni kwa msiba, na alikuwa na telefone yake mkononi, nadhani alitumwa arudi na picha. Watu waliniangalia watazame nitafanya nini. Nilimwambia karibu. Nikampa kiti. Nikafungua sachet moja mwenyewe, nikaimimina katika kikombe cha Landry, kile cha bati cha utotoni, nikampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nikamwambia, "Kunywa, mutoto. Kunywa kwa heshima."

Alikitazama kikombe. Akasema, "Nimeshakunywa ku nyumba, papa."

Mtu mmoja alianza kucheka, sijui ni nani, kisha wote. Wamama waliokuwa wanalia walicheka na machozi yao usoni. Timothée aliweka kikombe chini akaondoka, telefone mfukoni. Katoni zake tulimrudishia kesho yake. Sasa hapa Opala watoto wakikataa kitu wanasema "nimeshakunywa ku nyumba." Wayafute hayo kama wanaweza.

Lakini katika matanga yale kulikuwa na pengo, na kila mtu aliliona. Koko akifa, wajukuu wanamwiga. Mjukuu akifa, nani amwige? Hakuna desturi. Hakuna aliyepanga mambo yaende hivi, mimi nibaki na yeye aende. Watu walikaa, wakala, hakuna aliyesimama. Nami sikusimama. Nilikuwa nimeshafanya zamu yangu kabla hawajafika, na hilo sikuwaambia.

Nitakuambia wewe. Siku Emile aliponipa barua yako niliisoma nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya kinu kilichopasuka. Nilimaliza. Sikulia. Nilibaki na lile neno lako, kwamba umesahau pale katikati. Nikajiuliza kama mimi ninakumbuka. Kicheko kile nilikisikia kabla yako, alianza nacho akiwa bado anatambaa.

Nikajaribu. Nikakizuia kooni kama mtu aliyepaliwa. Nikavuta pumzi, na ninakuambia, Pélagie, haivutwi kwa kinywa, inavutwa kwa pua, kwa kukata kata, ndiyo maana imekukataa. Halafu nikakiachia chote nikajipiga paja. Mara ya kwanza ilikuwa kicheko cha mzee. Mara ya pili vilevile. Nikaendelea, mjinga mmoja peke yake nyuma ya nyumba, hadi mara moja kikatoka sawasawa.

Hélène alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, upande wa jikoni. Alikuwa hajaambiwa kitu. Nilisikia mchi umeanguka, kisha akatokea kwenye kona mbio, mikono ya kijani, anatazama nyuma yangu, anatazama mlangoni.

"Landry amefika saa ngapi?" akasema. "Mbona hamukuniita?"

Koko yako,
Augustin